Safu ya Mwelekeo

Mtu akikuapia kwamba hajawahi kudanganya, kaa naye mbali kidogo. Lakini huyu mwanamke, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Mita, hakuwa na haja ya kuapa, ilikuwa imeandikwa. Kwa miaka ishirini na mitatu alisoma mita za maji za nyumba mia sita na kumi na mbili, geti kwa geti, na katika madaftari yote hayo hakuna namba hata moja aliyoibuni. Mita iliyofukiwa na udongo aliifukua kwa kijiko. Mita iliyofungwa kifudifudi na fundi asiye na adabu aliisoma kwa kioo kidogo cha kujipodolea, kisha akaigeuza namba kichwani. Mbwa walimng'ata mara mbili, na mara zote mbili alimaliza kusoma kwanza ndipo akaenda hospitali.

Wenzake ofisini hawakuwa na ugonjwa huo. Mmoja wao, waliyemwita Bwana Stuli, alipewa mitaa miwili ya kata nyingine, ng'ambo ya mto, naye aliisoma yote akiwa ameketi kwenye kibanda cha chai, mguu juu ya mguu. Aliangalia namba ya mwezi uliopita, akaongeza kidogo, akapuliza chai yake. Namba za aina hiyo ziliitwa namba za mezani, na ofisi nzima ilizicheka kwa mapenzi. Dada Mita hakuzicheka. Alikuwa na kiburi cha watu waaminifu, na kiburi hicho ni kibaya kwa sababu mwenyewe hakioni.

Kata yao ilikuwa moja lakini watu walikuwa wa aina mbili. Juu kulikuwa Mlimani, kwenye mageti ya chuma na lami, ambako watu walipigia kura chama cha Ngazi. Chini kulikuwa Bondeni, kwenye mabati na vumbi, ambako watu walipigia Kengele. Mlimani walichagua Ngazi kwa sababu baba zao walichagua Ngazi na barabara yao ilikuwa na lami. Bondeni walichagua Kengele kwa sababu barabara yao haikuwa na lami. Sera za vyama vyote viwili zilichapwa kwenye vitabu vizuri, na vitabu hivyo vilitumika kuzuia meza zisiyumbe. Kila baada ya miaka mitano watu walipanga foleni, wakapiga kura ileile, wakarudi nyumbani kulalamika yaleyale.

Uchaguzi uliopita ndio uliotaka kuvunja mwiko. Mdogo wake Dada Mita, mwalimu wa jiografia, alisimama udiwani kwa Kengele akashindwa kwa kura arobaini na moja tu. Dada Mita ndiye aliyemlea huyo Mwalimu tangu mama yao alipofariki. Alimwogesha, alimpiga, alimpeleka shule, na siku anaoa ndiye aliyelia kuliko mama wa bibi harusi. Waliishi Bondeni kwenye kiwanja kimoja alichowaachia baba yao, wakitenganishwa na uzio wa michongoma ambao kila mmoja alimwachia mwenzake aukate.

Na safari hii Mwalimu angeshinda. Kila mtu alijua. Diwani wa Ngazi alitaka machimbo ya zamani ya mawe, yaliyo hatua mia tatu kutoka nyumba ya mwisho ya Bondeni, yageuzwe dampo la jiji zima. Malori sitini kwa siku. Bondeni walikasirika kwa sababu kisima cha shule kilikuwa chini ya machimbo hayo. Mlimani nao walianza kununa kidogo kidogo, maana harufu haiulizi kadi ya chama. Dampo lilihitaji sahihi ya diwani ajaye, na Mwalimu alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mkono wake ungekatika kwanza.

Basi, miezi minane kabla ya uchaguzi, Meneja wa ofisi ya maji aliwaita wasoma mita wote. Aligawa madaftari mapya. Kila ukurasa ulikuwa na safu sita za siku zote, za jina, namba ya nyumba, namba ya mita na kadhalika, na pembeni safu ya saba ambayo hawakuwahi kuiona.

"Mwelekeo wa Kaya," Dada Mita alisoma. "Hii ni nini, Meneja?"

"Ngazi, andika N. Kengele, andika K. Hujui, andika X. Basi."

"Maji yanahusiana nini na Kengele?"

"Dada yangu, wakubwa wanataka kujua wananchi wanataka nini ili wawapelekee huduma. Bondeni kwenu hamtaki lami? Hamtaki bomba kubwa?" Meneja alitabasamu. "Na wewe ndiye msomaji wangu bora. Za wengine hizi nazijua zitakavyokuwa."

Bwana Stuli alicheka na wengine wakacheka. Dada Mita akaona fahari, na fahari ile ilimpofusha. Laiti angeudhika, mambo yangekuwa mengine.

Angeweza kuandika X ukurasa mzima. Ruhusa ilikuwapo, imechapwa. Lakini kwake X ilikuwa alama ya mvivu, ya mtu aliyefika getini akaogopa mbwa. Yeye alikuwa anajua. Mtu anayeingia kwenye ua wako kila mwezi kwa miaka ishirini na mitatu hahitaji kukuuliza. Kamba ya nguo inasema: fulana za kampeni huishia kuwa nguo za kulalia. Kalenda ya sebuleni inasema. Redio inasema, na ukimya wa mwenye nyumba taarifa ya habari inapoanza nao unasema. Kulikuwa na nyumba ambamo mume alikuwa Ngazi na mke Kengele, na kila mmoja alimwambia Dada Mita kwa siri kwamba mwenzake amelogwa. Nyumba hiyo ilimsumbua siku mbili, mpaka akaandika N na K pamoja, kwa mwandiko mdogo, apate kutosha kisandukuni.

Kulikuwa pia na askari mstaafu, aliyekaa nyumba ya mwisho ya Mlimani kabla ya mteremko. Getini kwake bendera ya Ngazi ilipepea mwaka mzima, na kila ilipochakaa alinunua nyingine. Siku moja, Dada Mita akiwa amechuchumaa kwenye mita yake, mzee yule alisimama nyuma yake akasema kwa sauti ya chini, "Binti yangu, nikiingia kwenye kile chumba cha kura, napiga Kengele. Tangu walipomfukuza mwanangu kazi. Hata mke wangu hajui. Sijui kwa nini nakuambia wewe."

"Kwa sababu mimi sisemi, baba," alimjibu, na kweli hakumwambia mtu. Ila alipofika kwenye safu ya saba aliandika K, maana K ndiyo iliyokuwa kweli.

Alimaliza kwa wiki sita. Nyumba mia sita na kumi na mbili, X nne tu, na hizo nne nyumba zilikuwa tupu. Meneja alipolipokea daftari alilifungua katikati, akapiga mluzi.

Miezi mitano ikapita. Jumatano moja mchana, Mwalimu aliingia kwa dada yake bila kubisha, ameshika karatasi iliyokunjwa, uso umemparama. Aliikunjua juu ya meza ya chakula akaweka kikombe kila pembe.

"Wamehamisha mpaka wa kata," alisema. "Nimeinakili kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Tazama, Dada."

Alitazama. Mstari mwekundu ulianza shuleni, ukateremka na barabara vizuri tu kama mstari mwenye akili timamu, kisha ukaiacha barabara. Ukapita nyuma ya karakana ya seremala. Ukachukua nyumba tatu, ukaruka moja, ukachukua tano. Kila nyumba uliyoichukua ilitolewa katani ikatupwa kwenye kata ya ng'ambo ya barabara kuu, ambako Ngazi ilishinda kwa maelfu tangu dunia iumbwe. Mstari ulishuka hadi katikati ya Bondeni ukamzunguka nesi mstaafu, shabiki pekee wa Ngazi kwenye uchochoro wake, ukambakiza. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa nje. Ya Dada Mita pia.

"Siwezi hata kugombea," Mwalimu alisema. "Mgombea lazima akae ndani ya kata. Na hata wakisimamisha mwingine, nani atampigia? Watu wetu wote wako ng'ambo. Nyumba mia mbili na nne, Dada, nimezihesabu. Tutakuwa chumvi kwenye bahari." Alifuata mstari kwa kidole, kama alivyowafundisha watoto kufuata mito. "Mimi nimesoma ramani maisha yangu yote. Hii haikuchorwa na mtu aliyekaa ofisini. Aliyechora hii anatujua mlango kwa mlango."

Dada Mita aliinama juu ya ramani. Kidole cha mdogo wake kilikuwa kimepanda tena juu, kwenye ukingo wa Mlimani, ambako mstari ulitoa ulimi mwembamba, ukailamba nyumba moja tu na kurudi.

"Hapa tu ndipo walipokosea," Mwalimu alisema, akacheka bila furaha. "Wamemkata mzee askari. Ngazi wa kufa na kuzikwa, na bendera getini! Wajinga."

Dada Mita alishika ukingo wa meza. Hawakukosea. Katika kata nzima kulikuwa na watu wawili tu waliojua kwamba hawakukosea, na mmoja wao alikuwa yeye.

"Umekuwaje?" Mwalimu aliuliza.

"Jua," alisema. "Nimeshinda juani."

Kesho yake alikwenda kwa Meneja. Hakuketi. Alimwambia anataka daftari lake.

"Lilishakwenda," Meneja alisema, naye angalau alikuwa na haya ya kutazama dirisha. "Walilichukua wale wakubwa. Walilisifu sana, kama hilo litakusaidia. Walisema takwimu safi namna hiyo hawajapata kuziona. Za wenzako walizitupa."

"Uliniambia huduma. Uliniambia lami."

"Na mimi niliambiwa hivyohivyo, dada yangu."

"Nitaweka pingamizi."

"Siku kumi na nne za pingamizi zilikwisha kabla ramani haijabandikwa," Meneja alisema. "Na utawaonyesha nini? Karatasi huna."

Akatoka. Miguu ilimpeleka kwenye kibanda cha chai, na Bwana Stuli alikuwa pale pale, kwenye stuli yake, kana kwamba wamezaliwa pamoja. Mitaa yake miwili haikuguswa na ramani. Huko Kengele walikuwa wengi vilevile, na diwani wao wa Kengele alikuwa anaendelea kunywa chai kwa raha.

"Wewe ile safu ya saba uliandika nini?" Dada Mita alimuuliza.

"Ile? N, K, X. Halafu N, K, X. Mpaka chini ya ukurasa." Aliona uso wake akateremsha kikombe. "Kwani wewe uliandika nini?" Kisha akaelewa, maana uvivu si ujinga. "Mungu wangu. Dada, usiniambie ulikwenda kuuliza watu."

"Sikuuliza," alisema. "Nilikuwa najua."

Bwana Stuli, ambaye aliwahi kufanya mzaha hata matangani, hakupata mzaha. Alimsogezea stuli yake. Dada Mita hakuikalia. Alitembea mpaka nyumbani, kilomita tano, na njiani kila geti alilopita alikumbuka herufi yake.

Alimkuta Mwalimu sebuleni kwake anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Wifi yake alikuwa uani anaanua nguo, na kwa uwazi wa mlango walimsikia akiimba kwa sauti ya chini. Dada Mita aliketi akamwambia mdogo wake yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kupunguza wala kuongeza, kama alivyozoea. Alitaja hata zile X nne. Alipofika kwa mzee askari aliteremsha sauti, akaendelea.

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Na wenzako waliandika nini?"

"Walibahatisha. Walikaa kibandani wakabahatisha."

"Na mitaa yao?"

"Imebaki kama ilivyokuwa."

Mwalimu akaanza kucheka. Alicheka mabega yakitikisika, akafunika uso kwa mikono miwili, na ilimchukua dada yake muda kutambua kwamba kicheko kilikuwa kimekwisha zamani na kilichobaki kilikuwa kitu kingine. Uani wimbo ulinyamaza. Alipoondoa mikono, macho yake yalikuwa mekundu, na alimtazama kama alivyomtazama akiwa na miaka sita, siku dada yake alipomchapa kwa kosa lisilokuwa lake.

"Siku moja tu, Dada," alisema. "Siku moja tu katika maisha yako yote, hukuweza kudanganya?"

Dada Mita aliyapanga madaftari ya wanafunzi, moja juu ya jingine.

"Nani mwingine anajua?" Mwalimu aliuliza.

"Meneja. Stuli. Hawatasema."

"Basi na wewe usiseme. Unanisikia? Watu wana hasira. Nawajua watu wangu, watakufanyia jambo ambalo kesho watalijutia, na kujuta kwao hakutakufaa kitu." Alichukua kalamu tena. Aliweka alama ya vema kwenye daftari moja bila kulisoma.

Jumapili saa tisa alasiri watu walijaa darasa la sita, wengine wakikaa juu ya madawati na wengine madirishani. Walikuwa watu wa Bondeni wote, na hata wachache wa Mlimani walioogopa harufu. Walikuja kumsikiliza Mwalimu awaambie la kufanya, maana kwa muda mrefu yeye ndiye aliyekuwa na la kufanya. Dada Mita alikaa safu ya pili, karibu na nesi mstaafu.

Seremala alisimama kabla hata mkutano haujafunguliwa. "Mimi sitaki hotuba," alisema. "Nataka jina. Nyumba yangu wameichukua, ya kaka yangu hapo jirani, ambaye ni Ngazi, wameiacha. Ukuta wetu ni mmoja! Nani aliwaambia? Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kuna mtu alikaa humu kati yetu, akala kwetu, akanywa kwetu, akatuandika."

Kelele zikapanda. Mtu wa dirishani akauliza, "Nani anayeingia nyumba zote?" Swali lile lilikaa hewani, na Dada Mita akaona vichwa vinaanza kugeuka, polepole, kimoja kimoja. Aliweka mikono juu ya dawati ili asimame. Aliapa baadaye kwamba alikuwa anasimama.

"Ni mimi," Mwalimu alisema.

Vichwa vyote vikageukia ubaoni.

"Mwaka jana nilipita nyumba kwa nyumba na daftari la kampeni. Mnakumbuka. Niliandika nani ni wetu na nani si wetu. Akaja mtu kutoka ofisi ya mipaka, akaniambia nikimpa lile daftari atatusaidia kuongezewa kituo cha kura. Nikampa." Alikuwa amesimama mbele ya ubao, mikono nyuma, kama mwanafunzi. "Nilikuwa na tamaa ya ushindi. Nisameheni."

Hakuna aliyesamehe. Mwanamke mmoja alimtemea mate, yakaanguka karibu na viatu vyake. Seremala, aliyembeba Mwalimu begani uchaguzi uliopita, alifungua kinywa mara mbili kisha akakaa, akainamisha kichwa. Ndipo nyuma kabisa mzee askari akainuka kwa fimbo yake.

"Mwalimu," alisema. "Kwangu ulipita. Nilikufukuza getini, ukaniandika Ngazi mbele ya macho yangu. Wewe ulijuaje kwamba mimi ni wa kukatwa?"

Watu hawakuelewa. Walidhani mzee amechanganyikiwa, wakaanza kunong'ona. Mwalimu alifumba macho. Lakini askari hakuwa anamtazama Mwalimu tena. Alimtazama Dada Mita, juu ya vichwa vyote vile, na hakukuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa anamngojea tu. Dada Mita aliisikia kweli imemkaa kooni, nzima, tayari. Aliyatazama mate yaliyo karibu na viatu vya mdogo wake. Kisha akatazama dawati.

Mzee aligeuka akatoka. Mlango ulibaki wazi, na kwa mlango ule wengine wakaanza kutoka, wawili wawili, bila mkutano kufungwa. Hakuna aliyemwuliza Mwalimu watafanya nini kuhusu dampo. Wengine walikuwa wameshaanza kuongea habari za kuuza viwanja. Mwalimu alichukua kifutio akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Nesi mstaafu ndiye aliyebaki. Alimshika Dada Mita mkono kwa viganja vyote viwili, akaukanda taratibu kama alivyozoea kuwakanda wagonjwa.

"Pole, mwenzangu," alisema, akihakikisha Mwalimu anamsikia. "Ndugu huzaliwa naye tu, humchagui. Kosa si lako."

Mwalimu hakugeuka.

"Asante," Dada Mita alisema.